Orodha za majimbo: Jinsi ya kupima madai ya wanasiasa kuhusu matatizo ya jamii

MWAMBA ngoma, ngozi huivutia kwake. Ndivyo wanavyofanya wanasiasa wanapotaja nafasi ya jimbo fulani katika orodha ya umaskini, uhalifu au ukosefu wa makao. Aliye madarakani hutafuta orodha inayompamba, naye mpinzani hutafuta ile inayomuumbua. Mara nyingi wote wawili huwa wameshika takwimu za serikali ile ile.

Mfano ulio wazi ni California, jimbo lenye watu wengi zaidi nchini Marekani. Kwa miaka kadhaa, wanasiasa wa chama cha Republican wamedai kwamba jimbo hilo, ambalo ni ngome ya chama cha Democratic, linaongoza taifa zima kwa umaskini. Watetezi wake nao hujibu kuwa ufukara umekithiri zaidi katika majimbo ya kusini kama vile Mississippi.

Ajabu ni kwamba pande zote mbili zimeweza kusema kweli katika mwaka mmoja.

Vipimo viwili

Marekani ina vipimo viwili vya umaskini. Kipimo rasmi kilibuniwa na mchumi Mollie Orshansky mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alichukua gharama ya chakula cha bei nafuu kwa familia na kuizidisha mara tatu, kwa kuwa wakati huo familia ya kawaida ilitumia takriban thuluthi moja ya mapato yake kwa chakula. Kiasi hicho hurekebishwa kulingana na mfumko wa bei, lakini ni kimoja kwa nchi nzima. Anayelipa kodi ya nyumba jijini San Francisco hupimwa kwa mizani ile ile ya mkazi wa kijiji cha Mississippi.

Kipimo cha pili, ambacho Idara ya Sensa ilianza kukichapisha mwaka 2011, huzingatia tofauti za gharama ya nyumba kutoka eneo hadi eneo. Vilevile, hujumlisha misaada ya chakula na nafuu za ushuru, na kuondoa gharama za matibabu na za malezi ya watoto wakati wazazi wako kazini.

Katika wastani wa miaka ya 2013 hadi 2015, kipimo rasmi kiliionyesha California ikiwa na umaskini wa takriban asilimia 15, mbali na kilele cha orodha. Kipimo cha pili kilifikisha asilimia 20.6 na kuliweka jimbo hilo mbele ya majimbo yote. Mississippi, ambako nyumba ni za bei ya chini, ilishuka.

Kwa hivyo, mwanasiasa anayetaja nafasi bila kutaja kipimo amemwambia msikilizaji nusu ya habari. Nusu iliyofichwa ndiyo yenye uzito: kinachowalemea wakazi wengi wa California ni kodi ya nyumba, wala si uhaba wa kazi pekee. Atakayedhani tatizo ni uvivu au ukarimu wa misaada, atatoa dawa isiyotibu ugonjwa.

Idadi na kiwango

Mtego wa pili ni kuchanganya idadi na kiwango. Katika hesabu ya Januari 2023, watu 653,104 hawakuwa na makao kote Marekani. Kati yao, 181,399 walikuwa California, na hivyo jimbo hilo likaongoza kwa mbali. Lakini jimbo lenye watu takriban milioni 39 aghalabu litaongoza kwa idadi ya karibu kila kitu, kiwe kizuri au kibaya.

Hesabu ilipofanywa kwa kila wakazi 10,000, New York ilitangulia kwa watu 52, ikifuatwa na Vermont, jimbo lenye wakazi wasiofika 700,000, kwa watu 51. Oregon ilikuwa na 48, nayo California 46.

Hata hivyo, kiwango nacho hakikumaliza hadithi. Jiji la New York lina wajibu wa kisheria, uliotokana na maafikiano ya kesi mwaka 1981, wa kumpa hifadhi asiye na mahali pa kulala. Kwa sababu hiyo, wengi waliohesabiwa huko walikuwa ndani ya majengo. Huko California, takriban wawili kati ya kila watatu walilala nje: barabarani, bustanini au ndani ya magari. Mpiga kura anayetaka kujua nani anateseka zaidi hawezi kutosheka na nambari moja.

Isitoshe, hesabu hiyo hufanywa katika usiku mmoja mwishoni mwa Januari, na haiwajumuishi waliojibanza kwa jamaa na marafiki.

Mwaka upi, na nani aliyehesabiwa?

Mtego wa tatu ni kuchagua mwaka. Kitaifa, kipimo cha pili cha umaskini kilishuka hadi asilimia 7.8 mwaka 2021, wakati serikali ilipotoa misaada mikubwa kwa sababu ya janga la Covid-19. Misaada ilipokwisha, kilipanda hadi asilimia 12.4 mwaka 2022. Kiongozi anaweza kujipigia kifua au kulaumiwa kwa kutajiwa mwaka mmoja tu.

Takwimu za uhalifu zina kasoro ya aina yake. Shirika la FBI hutegemea ripoti ambazo idara za polisi hutuma kwa hiari. Mwaka 2021, mfumo wa kuripoti ulipobadilishwa, maelfu ya idara hazikutuma takwimu zao, zikiwemo za majiji ya New York na Los Angeles. Aliyepanga majimbo kwa takwimu hizo alipanga pia ukimya wa polisi.

Funzo kwa kaunti

Wakenya nao wana sababu ya kuwa macho, kwani umaskini umekuwa mojawapo ya vigezo vinavyotumiwa na Tume ya Ugavi wa Mapato katika kupendekeza mgao wa fedha za kaunti. Utafiti wa serikali wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 79.4 ya wakazi wa Turkana walikuwa maskini, ikilinganishwa na asilimia 16.7 jijini Nairobi. Lakini asilimia hiyo ndogo ya Nairobi ilikuwa mamia ya maelfu ya watu, idadi inayozidi wakazi wote wa Kaunti ya Lamu.

Basi anayesikia jukwaani kwamba eneo fulani ni la kwanza au la mwisho na aulize maswali manne: Ni kipimo gani kilichotumika? Je, ni idadi au kiwango? Ni ya mwaka upi? Na nani hakuhesabiwa? Mwanasiasa asiyeweza kuyajibu hajathibitisha dai lake, hata kama nambari aliyoitaja ni sahihi.