Mali bila Daftari: Vichekesho vya Uingereza, Majaribio ya Marekani na Kanda Zetu

Mwalimu wa tafsiri hufurahi sana anapopata rasimu ya kwanza ya kazi aliyozoea kuisoma ikiwa imekamilika. Rasimu humwonyesha pale mfasiri alipokwama, alipokisia na alipobadili nia. Katika makala haya tunaeleza historia fupi ya rasimu za aina ya pekee, yaani vipindi vya majaribio ambavyo televisheni za Marekani zilitengeneza kwa kuiga vichekesho vya Uingereza, na ambavyo wapenzi wa vichekesho hivyo wamevitafuta kwa miaka mingi. Msomaji anaweza kuuliza: jambo hili linatuhusu nini sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili hapa Kiriri? Tunamwomba avute subira.

Kipindi cha majaribio ni nini?

Kwa desturi ya Marekani, kampuni ya televisheni haikuanza mfululizo mpya moja kwa moja. Kwanza iligharamia kipindi kimoja, wakubwa wakakitazama, kisha wakaamua. Vingi vilikataliwa. Kilichokataliwa hakikuwa na faida tena kibiashara. Aidha, katika miaka ya 1960 na 1970 utepe wa video ulikuwa ghali, hivyo mara nyingi ulifutwa ili urekodiwe kitu kingine.

Wapenzi hao walitoka wapi? Mwaka 1974 kituo cha umma cha KERA, mjini Dallas, kilianza kuonyesha Monty Python's Flying Circus. Vituo vingine vya umma vikafuata, na Wamarekani wengi wakazoea vichekesho vya Uingereza kama vilivyo, bila kubadilishwa. Walipojua kuwa baadhi ya vichekesho walivyovipenda viliwahi kujaribiwa kwa sura ya Kimarekani, walitaka kuona kilichobadilishwa. Hilo ndilo swali letu la kila siku darasani.

Mifano minne

Mfano wa kwanza ni Till Death Us Do Part ya BBC, inayomhusu Alf Garnett, mtu wa mashariki ya London mwenye chuki na mdomo usio na breki. Norman Lear alimhamishia Queens, New York. Alitengeneza jaribio mwaka 1968 na lingine mwaka 1969. Kampuni ya ABC ikayakataa yote mawili. Humo familia inaitwa Justice. Ilipofika Januari 1971, katika CBS, ndipo All in the Family ilipoanza, na jina la ukoo likawa Bunker. Majaribio yote mawili yamehifadhiwa, kwa hiyo tunaweza kulinganisha: baba na mama ni waigizaji wale wale, Carroll O'Connor na Jean Stapleton, lakini binti na mkwe walibadilishwa kila mara.

Mfano wa pili ni Steptoe and Son, hadithi ya baba na mwana wanaoishi kwa vitu chakavu. Jaribio la mwaka 1965, lililoigizwa na Lee Tracy na Aldo Ray, halikupata mfululizo, likakaa miongo mingi bila kuonekana na umma. Mwaka 1972 Lear alitoa Sanford and Son, akaipeleka hadithi ile ile kwa familia ya Wamarekani weusi wa Watts, Los Angeles. Ilipendwa mno. Hapa mfasiri hakuishia kwenye maneno. Aliitafutia hadithi jamii nzima ambamo ingeweza kuishi.

Mfano wa tatu ni Dad's Army. Jaribio lake, The Rear Guard, lilionyeshwa na ABC Agosti 1976, likaishia hapo. Si vigumu kukisia sababu moja: kicheko cha Waingereza kilitokana na hofu halisi ya kuvamiwa mwaka 1940, hofu ambayo Wamarekani hawakuwa nayo kwa kiasi kile.

Mfano wa nne ni Fawlty Towers. Snavely ya mwaka 1978 haikupita. Amanda's ya mwaka 1983 ilipita, lakini ilimwondoa mwenye hoteli mwenye hasira, ambaye ndiye kiini cha kichekesho. Haikumaliza mwaka.

Kilichopotea na kilichopatikana

BBC nayo ilifuta kanda zake nyingi. Vipindi viwili vya Dad's Army vya mwaka 1969 vilipatikana mwaka 2001, baada ya kukaa miaka mingi katika banda la bustani. Vitatu vya msimu huo huo bado havijulikani viliko. Ajabu zaidi ni kwamba Oktoba 2013 ilitangazwa kuwa vipindi tisa vya Doctor Who vilivyodhaniwa kupotea vimepatikana katika kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria. Zamani BBC iliuza nakala za filamu kwa vituo vya Afrika, na kwa kawaida vilitakiwa kuzirudisha, kuzipeleka kituo kingine au kuziharibu. Rafu iliyosahauliwa ikaokoa kile ambacho mwenye mali alikifuta.

Na kwetu je?

Katika maandishi tumebahatika. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kwa kuwa matoleo yote mawili yapo, mwanafunzi anaweza kumwona mfasiri akijisahihisha, hata katika jina la kitabu.

Katika sauti hali ni tofauti. The Archers ya BBC ilianza kwa vipindi vitano vya majaribio Mei 1950. Mwaka 1999 mfano wake ulifuatwa kutengeneza Urunana kwa Kinyarwanda. Hapa Bujumbura, Studio Ijambo ilianza kutoa Umubanyi niwe muryango mwaka 1997, mchezo wa Marie-Louise Sibazuri kuhusu familia mbili jirani wakati wa vita. Michezo ya namna hii ilisikika, ikazungumzwa sokoni na majumbani, kisha ikapita na upepo. Mei 2015 vituo kadhaa vya redio vya binafsi jijini viliharibiwa. Kituo kinapoungua, kanda isiyo na nakala mahali pengine huungua nacho.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tunawaomba wanafunzi wetu, hasa wanaotoka Buyenzi, Bwiza na Kinama, wapekue makabati ya nyumbani. Kaseti ya mchezo wa redio, ya harusi au ya taarabu ina Kiswahili cha Bujumbura ambacho hakimo katika kitabu chochote. Iandikwe tarehe, mahali, wasemaji na lugha zilizotumika. Inakiliwe mara mbili, na nakala hizo zisikae nyumba moja. Anayetafiti lugha ya mji huu miaka hamsini ijayo atahitaji sauti hizo, na ni sisi tu tunaoweza kumwekea.