Meno ya Bandia na Mizinga: Mabishano ya Bunge la Uingereza, 1951

Wanaoandika habari za mabunge wamezoea kuyagawa maoni ya wabunge katika mafungu matatu: mambo ya nchi za nje, mambo ya afya, na mambo mengine ya ndani. Mgawanyo huu humfaa karani apangaye majalada, lakini waweza kumpoteza mwanahistoria, kwa kuwa mafungu yote hulipiwa kutoka mfuko mmoja. Mabishano yaliyozuka katika Bunge la Uingereza mwezi wa Aprili 1951 ni ushahidi wa kutosha.

Aneurin Bevan alizaliwa Tredegar, katika nchi ya Wales, mwaka 1897. Alichimba makaa ya mawe tangu ujana wake, na mwaka 1929 akachaguliwa kuwa mbunge wa Ebbw Vale. Chama cha Labour kiliposhika serikali mwaka 1945, alipewa Wizara ya Afya. Sheria aliyoileta ilipitishwa mwaka 1946, na tarehe 5 Julai 1948 Huduma ya Afya ya Taifa ikaanza: hospitali karibu zote zikawa mali ya taifa, na mgonjwa akatibiwa pasipo kudaiwa kitu. Watu waliokuwa wamevumilia shida kwa miaka mingi walimiminika kutaka miwani na meno ya bandia, hata gharama zikapita makadirio.

Kiini cha mabishano kilikuwa lile wazo ambalo Kiswahili hulitaja kwa neno “bure”. Neno hilo lina maana mbili, yaani pasipo malipo na pasipo faida. Na wapinzani wa huduma hiyo walisema kana kwamba maana ya kwanza huizaa ya pili, kwamba kisicholipiwa hufujwa. Bevan alishikilia kwamba huduma hailipiwi na mgonjwa saa ya ugonjwa kwa sababu imekwisha kulipiwa na wote, kwa njia ya kodi, wakati wa uzima.

Vita vya Korea vilianza Juni 1950. Uingereza ilipeleka majeshi, na Januari 1951 Waziri Mkuu, Clement Attlee, alitangaza kwamba paundi milioni 4,700 zitatumika kwa ulinzi katika miaka mitatu. Mzigo huo ulimwangukia Waziri wa Fedha, Hugh Gaitskell. Katika bajeti yake ya tarehe 10 Aprili aliongeza kodi ya mapato kwa peni sita katika kila paundi, tena akaagiza kwamba wagonjwa walipe nusu ya bei ya meno ya bandia na miwani. Mapato yaliyotazamiwa mwaka ule yalikuwa paundi milioni 13 tu. Mwezi wa Januari mwaka uo huo, serikali ile ile ilikuwa imeuacha mpango wa karanga wa Tanganyika, ambao Kongwa ilikuwa makao yake mashuhuri, na hasara yake ilikuwa paundi zipatazo milioni 36.

Gaitskell hakuwa adui wa wagonjwa. Alikuwa ameongeza malipo ya uzeeni, na aliona kwamba hakuna huduma iwezayo kukua bila mpaka wakati taifa linajihami. Bevan, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Kazi, aliona kwamba fedha ni kidogo lakini ufa ni mkubwa, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Akaongeza hoja ya pili: kwamba malighafi na mitambo ya kutengeneza silaha hizo haipatikani kwa wingi uliotakiwa, hivyo mgonjwa anatozwa kwa ajili ya mizinga isiyoweza kuundwa. Attlee alikuwa amelazwa hospitalini, na upatanisho ukashindikana. Bevan alijiuzulu, akafuatwa na Harold Wilson na John Freeman. Sheria ya malipo ikapitishwa Mei, na Oktoba chama chao kikashindwa katika uchaguzi.

Katika hoja ya silaha Bevan alithibitishwa upesi: Desemba 1951 Winston Churchill, Waziri Mkuu mpya, alikiri Bungeni kwamba mpango ule hauwezi kutimizwa katika muda uliowekwa. Katika hoja ya ufa pia hakukosea. Mwaka 1952 Wahafidhina walianza kutoza shilingi moja kwa kila cheti cha dawa.

Wilson alipokuwa Waziri Mkuu aliyafuta malipo ya dawa mwaka 1965. Lakini Januari 1968, baada ya thamani ya paundi kushushwa, yeye huyo huyo alitangaza katika hotuba moja kwamba malipo ya dawa yatarudi na kwamba majeshi ya Uingereza yataondolewa mashariki ya Suez, pamoja na Ghuba, kufikia mwisho wa 1971. Mwanahistoria atakayeiweka nusu ya kwanza ya hotuba hiyo katika jalada la afya, na nusu ya pili katika jalada la nchi za nje, hataelewa hata moja kati ya hizo mbili.