Kiungo Kilichosahauliwa Mbele ya Sikio

Historia ya upasuaji wa kunyoosha taya husimuliwa kwa picha za nyuso, kabla na baada. Mimi wanafunzi wangu wa udaktari wa meno huwaanzishia pale ambapo picha hizo hazifiki. Kila mmoja anaweka ncha ya kidole mbele ya sikio lake na kufungua kinywa. Hapo kwenye kiungo, kichwa cha taya kinazunguka, kisha kinateleza mbele. Kuna kichwa kila upande, lakini mfupa ni mmoja. Ukigusa kimoja, cha pili kitajua.

Wa kwanza kuukata mfupa huu ili kurekebisha umbo alikuwa Simon Hullihen wa Wheeling, Virginia ya wakati huo (leo West Virginia), Marekani. Mwaka 1849 alichapisha habari za binti aliyeungua utotoni, ambaye kovu la shingo lilikuwa limelivuta taya lake. Alikata sehemu ya mbele yenye meno, kiungo asikiguse.

Hatari mpya kwa kiungo ilikuja miaka ya 1950, huko Graz, Austria. Hugo Obwegeser, akifanya kazi na Richard Trauner, alipitia ndani ya kinywa, bila kuacha kovu usoni, akalipasua tawi la taya, yaani sehemu yake ya nyuma inayopanda kuelekea sikioni, kwa urefu kama kuni inavyopasuliwa kufuata nyuzi zake. Kipande cha nyuma kikabaki na kichwa cha taya, cha mbele kikaondoka na meno. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na mpaka leo ndiyo tunayoifanya.

Uso uliopinda ndio unaoipa mtihani. Kidevu kikiwa kimekwenda kushoto, lazima mfupa uzungushwe: kulia urudi nyuma, kushoto uje mbele. Hapo ncha ya kipande chenye meno hukisukuma kipande cha nyuma kwa nje, na kichwa cha taya kinageuka shimoni mwake. Zamani vipande viliunganishwa kwa nyaya, na mataya yakafungwa pamoja wiki kama sita. Misuli ikapata nafasi ya kukirudisha kichwa taratibu. Mwaka 1974 Bernd Spiessl wa Basel akaleta skrubu. Mgonjwa akaanza kufungua kinywa mapema, na sitamani hata kidogo turudi kwenye nyaya. Lakini skrubu hukishika kichwa palepale ulipokiacha, pawe sawa au pasiwe.

Mara nyingi mfupa wa kichwa hicho hujiunda upya na kuzoea, na wapo wanaopungukiwa maumivu. Kwa wachache, hasa wanawake vijana wenye taya dogo lililorudi nyuma, kichwa huliwa kidogokidogo, kidevu kikarudi kilikotoka na meno ya mbele yakaacha kukutana.

Lakini kichwa si mwathirika tu. Mwaka 1986 Obwegeser, safari hii na mwenzake Makek, alieleza jinsi taya linavyoweza kukua kupita kiasi upande mmoja, na chanzo chake kikiwa kichwani mwa taya. Kwa hiyo nikiletewa uso unaoendelea kupinda, naanza kwa kuuliza kama kichwa bado kinakua, na kipimo cha mifupa cha mionzi hunisaidia kujibu. Kama kinakua, tunasubiri kituame, au tunakipunguza chenyewe kwanza, ndipo tulishike taya.