Saa 1,500: Sheria Iliyozaliwa na Msiba wa Buffalo

Mei 2024, baada ya mabishano makali, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya ya usafiri wa anga bila kugusa sharti moja: anayetaka kurusha ndege za mashirika ya abiria atimize kwanza saa 1,500 angani. Zamani rubani msaidizi aliweza kuanza kazi na saa 250. Mambo yalibadilika Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air ilipoangukia nyumba huko Clarence Center, karibu na Buffalo, watu 50 wakafa. Ripoti ya bodi ya uchunguzi, NTSB, inaeleza kwamba ndege ikijiandaa kutua, mwendo ulipungua mno na usukani ukatetemeka, onyo kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba. Hapo rubani husukuma usukani mbele, pua ishuke, mwendo urudi. Kapteni aliuvuta. Msaidizi wake alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili awahi kazini Newark. Hata hivyo kapteni alikuwa na saa zaidi ya 3,300, msaidizi zaidi ya 2,200. Siku ya ajali, sharti la saa 1,500 lisingemzuia hata mmoja wao.

Familia za marehemu zilibisha hodi Washington bila kuchoka, na sheria ya 2010 iliyoleta sharti hilo ni matunda ya jasho lao. Heshima hiyo ni haki yao. Watetezi wa sharti hilo husema kwamba kwa karibu miaka 16, hadi Januari 2025, hakuna shirika la abiria la Marekani lililopata ajali kubwa kama ile. Ni kweli, ila sheria hiyohiyo ilidai pia kanuni mpya za mapumziko na mazoezi ya kuiokoa ndege inayopoteza mwendo, mambo yanayogusa moja kwa moja yaliyotokea Buffalo. Ulaya huajiri wasaidizi wenye saa 200 hivi waliopikwa vizuri chuoni, na anga lake ni salama. Tena, Marekani yenyewe huwapunguzia marubani wa jeshi hadi saa 750 na wahitimu wa shahada ya urubani hadi 1,000, na hivyo kukiri kwamba aina ya mafunzo ina uzito. Wengine huzisaka saa hizo kwa kufundisha wanafunzi katika ndege ya injini moja, aghalabu hali ya hewa ikiwa shwari. Mwaka 2022 Republic Airways iliomba saa 750 kwa wahitimu wa mpango wake maalumu wa mafunzo. Mamlaka ya anga, FAA, ikakataa. Ombi lile lilistahili japo jaribio dogo lenye usimamizi mkali.