Madonge ya rangi ya kuogea: namna ya kuyatengeneza bila kuiunguza ngozi

Madonge ya kuogea ni tufe ndogo za unga ulioshindiliwa, ambazo zikitumbukizwa majini hufoka povu, huyeyuka na kuacha rangi na manukato. Yalibuniwa nchini Uingereza mwaka 1989 na Mo Constantine, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Lush, aliyepata wazo hilo kutokana na vidonge vya dawa vinavyotoa povu katika glasi ya maji.

Ughaibuni hutumika katika hodhi la kuogea. Katika kata ya Matogoro, Manispaa ya Songea, ambako wengi huogea ndoo, beseni la maji ya moto la kukandia miguu latosha, hasa wakati wa baridi ya Juni na Julai.

Kiungo kikuu ni magadi ya kuokea, ambayo wenye maduka huyaita bekingi soda. Vikombe 2 vya magadi hayo huchanganywa na kikombe 1 cha unga wa sitriki, tindikali iliyomo katika ndimu. Vikiwa vikavu hukaa pamoja bila kudhuriana. Vikipata maji hutoa hewa ya ukaa, nayo ndiyo isababishayo povu. Kwa hiyo maji hunyunyizwa tu, yasizidi kijiko 1 cha chai, pamoja na vijiko 2 vikubwa vya mafuta ya nazi au alizeti. Mchanganyiko hufikichwa hadi ushikane mkononi kama mchanga mbichi, hushindiliwa katika vikombe vidogo, kisha huachwa ukauke kwa saa 24.

Hatari kubwa imo katika majina. Maduka yauzayo malighafi za sabuni huuza pia kostiki soda, nayo ni nyeupe kama magadi ya kuokea. Kostiki soda huunguza ngozi na yaweza kupofusha macho. Haina nafasi kabisa katika madonge haya. Magadi ya mawe, yapikiwayo maharage, nayo si badala, kwani ni makali zaidi. Mfuko usio na maandishi usinunuliwe. Aidha, vumbi la sitriki huwasha macho na pua. Mtengenezaji hana budi kujifunika.

Kuhusu rangi, zifaazo ni zile za chakula, matone machache tu. Rangi za nguo ziepukwe. Manjano yafaa, ila huacha madoa katika taulo. Unga wa choya hupoteza wekundu wake magadi yakizidi tindikali. Vimetameta vya plastiki visitiwe: haviozi, na Milima ya Matogoro ni chimbuko la Mto Ruvuma.

Madonge yaliyokauka huhifadhiwa katika kopo lenye kifuniko kinachobana, la sivyo unyevu wa masika huyaumua kabla ya kutumika. Mwenye vidonda au ngozi yenye mzio asiyatumie.

Anayekusudia kuuza anaweza kutafuta mafunzo kwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973. Tangu mwaka 2019 vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), hivyo uthibitisho wa ubora hutafutwa huko kabla ya bidhaa kufika sokoni.