Viatu Vilivyotoka Topeni

Somo letu la historia juma hili ni juu ya viatu.

Kaskazini ya Uingereza pana mahali paitwapo Vindolanda. Hapo majeshi ya Warumi yalijenga ngome ya mbao karibu na mwaka 85 B.K. Kikosi kilipohama, waliofuata walibomoa nyumba, wakafunika mabaki kwa udongo wa mfinyanzi, wakajenga juu yake. Wakafanya hivyo mara nyingi. Basi vitu vya chini vikabaki katika tope lisilopitisha hewa, na vijidudu vingi viozeshavyo vitu huhitaji hewa. Uzi wa kushonea ulioza, lakini ngozi iliyolainishwa kwa maji ya magome ya miti ilibaki. Wachimbuzi wametoa humo viatu zaidi ya 4,000.

Labda mtauliza, viatu vikuukuu vina faida gani? Sikilizeni. Sheria ya Warumi iliwakataza askari wa kawaida kuoa wangali jeshini, wala haikulegezwa mpaka karibu na mwaka 197. Asomaye sheria tu atadhani ngomeni mlikaa wanaume watupu. Lakini katika mabweni ya askari, ya miaka mingi kabla ya hapo, vimeonekana viatu vya wanawake na vya watoto. Sheria yasema hivi, viatu vyasema vingine. Mimi naviamini viatu.

Ila twajuaje kuwa kiatu ni cha mtoto? Kwa kukipima. Na hapa ndipo penye hatari. Aliyewahi kuanika viatu vilivyolowa karibu na jiko anajua: husinyaa, hukakamaa kama kigae. Maji yatokapo katika ngozi huzivuta nyuzi zake zikagandamana. Kiatu cha mwanamume kikikaushwa ovyo, chaweza kudhaniwa cha mkewe.

Kwa hiyo mafundi wa makumbusho hawakianiki. Hukiweka majini tangu siku kilipochimbuliwa, wakakiosha taratibu kwa brashi laini. Huchora umbo la soli karatasini, ili wajue baadaye kama imepungua. Kisha hukilowesha siku nyingi katika maji yenye gliserini, au nta ya kiwandani iyeyukayo majini. Dawa hiyo huingia katikati ya nyuzi na kuzizuia zisigandamane. Halafu kiatu hugandishwa kwa baridi kali, kikatiwa katika mtungi wa chuma, na pampu ikanyonya hewa yote. Humo barafu hugeuka mvuke moja kwa moja, bila kuwa maji kwanza. Yasipokuwapo maji, hakuna cha kuzivuta nyuzi. Hata hivyo ngozi hupungua kidogo, ndiyo maana ile karatasi haitupwi.

Kiatu kimoja cha mtoto mchanga kilitoka katika nyumba ya mkuu wa kikosi. Ngozi yake ya juu imekatwa matundu kama wavu, na chini kina misumari ya chuma kama cha mtu mzima, ingawa mwenyewe huenda alikuwa hajaanza kutembea.

Sasa chukueni kalamu. Soli ya sentimita 20 ikipungua sehemu moja ya kumi, itabaki sentimita ngapi? Mwalimu wenu atasahihisha.