Niania: njia ya zamani ya misafara ya pembe

Wakaaji wa Niania, kwetu ndipo barabara za Kisangani, Isiro na Bunia zinapokutana. Kabla ya magari, misafara ya wafanyabiashara kutoka Zanzibar na Maniema iliingia katika pori la Ituri kutafuta pembe za tembo. Kirangozi alitangulia kuonyesha njia, wapagazi wakafuata kwa mstari. Mwaka 1887 Stanley aliwakuta wamekwisha kujenga kambi: Ugarrowwa kando ya mto Ituri, Kilonga-Longa kule Ipoto. Vijiji vilichomwa, wanawake na watoto wakatekwa, na wengine wakakimbilia porini, kama familia nyingi zinavyokimbia leo.

Lakini misafara hiyo ndiyo iliyotuletea Kiswahili. Leo aliyekimbia kwao anakitumia kuomba maji na mahali pa kulala kwa watu asiowajua.